Mtoto Namba Tisa Anakwenda Nyuma

Jumapili, 5 Oktoba. Riyadh

Video ya saba leo. Macho yanawasha. Kila sekunde kumi nasimamisha, naandika herufi moja. S, mtoto anamsogelea mtu mzima. K, anamkwepa. L, analia. Basi. Miaka yote hii ya kusoma saikolojia ya watoto, kazi yenyewe ni herufi tatu.

Mtoto namba tisa ananichekesha. Mwaka mmoja na nusu, mashavu maandazi. Mama anatoka chumba cha utafiti, mgeni anaingia, na yeye huyo, nyuma ya mgeni. Mgeni akigeuka, naye anazunguka. Mama akirudi, hivyo hivyo. Mwongozo wa utafiti unasema mtoto akiukimbia uso ni K. Nimejaza K ukurasa mzima.

Salma, mwenzangu Msudani, hutazama video hizi hizi peke yake, halafu tunalinganisha. Tumelingana karibu kila mahali. Dkt. Hind, msimamizi wetu, kanisifu mbele ya darasa. Desemba nakabidhi tasnifu. Nimevimba kichwa, sikatai.

Lakini kwa nini anazunguka?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefanya ujinga.

Mama wa namba tisa kanikuta koridoni, kanibana: mwanangu yukoje? Sheria ya kwanza kabisa ya utafiti wetu: mzazi haambiwi kitu. Mie nikasema, "Anawakwepa watu kidogo." Kidogo! Ulimi hauna mfupa. Uso wake ukabadilika pale pale. Nyuma yake amesimama Mwende, yaya wa mtoto, Mkenya, na chupa ya maziwa mkononi. Kaniamkia kwa Kiswahili. Nikajibu, nikakimbilia ofisini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mwende kapiga simu. Namba yangu anayo, yeye ndiye hupanga siku za kuja.

"Dada, ulimwambia nini madam? Anasema mtoto anaogopa watu juu yangu. Ati namtesa yeye akienda job. Mwisho wa mwezi halas, narudishwa Kenya. Huyu mtoto nimemlea tangu azaliwe, atoke hosi. Kwani nilimkosea nini?"

Nikasema nitaangalia. Nitaangalia nini? Mtu anapoteza kazi kwa sentensi yangu moja, tena ya kujionyesha tu. Naona haya.

Ijumaa, 10 Oktoba. Jeddah

Nimepanda ndege ya asubuhi kwenda kwa mama mdogo, mtaa wa Ruwais. Binamu yangu ana arubaini ya kichanga chake. Sikuwa na hamu, lakini kukosa arubaini ni kujitafutia maneno.

Jikoni, mama mdogo anakaanga sambusa. Mjukuu wake mkubwa, hajafika hata miaka miwili, kaja kimya kimya nyuma yake. Kaegemeza kifua kwenye miguu ya bibi yake, mikono juu. Mama mdogo hata hakutazama. Kazima jiko, kainama, kampandisha, kanga ikapita, fundo kifuani. Kawasha jiko tena. Mtoto shavu mgongoni, macho yanafumba.

Nikasimama na sahani mkononi. Loo! Namba tisa!

Mama mdogo kauliza kama nimeona shetani.

Nimefungua kompyuta juu ya kitanda cha binamu. Ni vile vile. Kifua kwenye mgongo, mikono juu. Mgeni anageuka, mtoto anaanza upya. Mama anageuka, anaanza upya. Hakimbii uso. Anaomba kubebwa! Na mie, niliyelelewa mgongoni mwa bibi kule Unguja, nimeandika K, K, K kwa sababu mwongozo umesema. Salma naye K. Ndiyo maana tumelingana. Wawili waliopotea njia moja hawabishani.

Hata hivyo, ni dhana tu. Nisije nikafanya ujinga wa pili.

Jumapili, 12 Oktoba. Riyadh

Mficha uchi hazai. Nimemweleza Dkt. Hind yote, na la koridoni pia. Kavua miwani. Akanigombeza, kisha akauliza, "Utajuaje kama si kweli?" Hapo ndipo ninapompenda.

Tumepanga. Namba tisa aje tena, safari hii Mwende aingie chumbani, mama atazame kupitia kioo. Mwende asiambiwe lolote, la sivyo tutakuwa tumemfundisha. Nimeandika kabla ya jaribio: mtoto akienda nyuma yake, akabebwa, akatulia, mie nilikosea. Akimkwepa hata yeye, niko sahihi, na Mwende anaondoka. Karatasi anayo Dkt. Hind kwenye bahasha.

Dhana ikiwa kweli, video zote narudia tangu ya kwanza. Desemba nisahau. Cha ajabu, hilo haliniumi. Nataka kujua tu.

Jumatano, 15 Oktoba

Mama kaja na uso wa mawe. Kasimama nyuma ya kioo, kati yangu na Dkt. Hind.

Mwende kaingia, kaketi kwenye zulia. Mtoto kaenda moja kwa moja nyuma yake. Kifua, mikono juu ya mabega. Mwende hakuinama! Kaganda. Anatazama kioo. Mtoto anampiga piga begani. Bado. Nikakisia ameshindwa kwa sababu gani: kubeba mgongoni ni marufuku nyumba ile. Mama mwenyewe akaninong'oneza bila kuulizwa, aliwahi kumkataza, ati miguu ya mtoto itapinda.

Mtoto akaanza kulia.

Mwende kafumba macho. Kavua mtandio, kainama, kamtupia mgongoni, kafunga. Kwa sekunde chache tu, mkono umezoea. Kilio kikakatika. Shavu mgongoni, kidole mdomoni.

Mama kaweka kiganja kwenye kioo. Baadaye, kwa sauti ndogo: "Kila jioni huja nyuma yangu. Nilidhani ananikimbia."

Dkt. Hind kafungua bahasha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeanza tena na mtoto namba moja. Herufi ya nne imeongezwa: M, mgongo. Nimemwomba msamaha Mwende. Kasema, "Ni sawa, daktari. Siku ingine uliza kwanza." Daktari! Ananicheka, na ana haki. Harudishwi, madam kamwambia mwenyewe.

Jioni kaniletea video ya simu, kwa ruhusa ya madam. Sebule, madam kaketi chini, kanga ya Mwende mapajani, sauti ya Mwende inacheka pembeni. Haihesabiki, haiwezi kuingia kwenye tasnifu. Nimeitazama mara nne. Mtoto anakuja nyuma, anaweka mikono, na mama hageuki.