Kipande cha Bomu Mgongoni mwa Melkiades

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Hatimaye! Mume wangu amechomwa ile sindano ya majaribio leo, Bujumbura. Mtu aliyekuwa akikwea michikichi, sasa kupanda kitanda tu anahema. Figo zimekwisha.

Daktari Roger alieleza polepole: ndani ya sindano mna vifuko vidogo mno, vimetolewa na chembehai za mtu mzima wa afya, vikapakwa chuma kidogo ili mashine ya sumaku ione vinakokwenda. Vikifika kwenye figo, ataendelea kutibiwa. Vikiishia kwenye ini, kama kwa wengi — basi. Mashine ni keshokutwa. Siku hiyo ikipita, alama ya chuma inafutika.

Nilijaza fomu mimi, Kifaransa chake ni cha sokoni. Swali la tisa: mgonjwa ana chuma mwilini? Melkiades akaninong'oneza, "Andika hapana, Mama Anita." Nikaandika! Habari za vita hatuzisemi, hata kwa daktari. Kile kipande cha bomu kimo mgongoni tangu kabla hatujakimbilia Tanzania. Ukikitaja tu, wataanza kujiuliza ulikuwa upande gani.

Jumanne, 7 Oktoba

Jana jioni tulirudi nyumbani Rumonge, na leo hakuna petroli. Mabasi yamelala.

Nimemuuliza jirani, Nafisa, muuguzi. Anasema sumaku ile huvuta chuma, na kikisogea karibu na uti wa mgongo kinaweza kumpoozesha mtu, hata kumuua. Kwa nini nauliza? Nikasema ni swali la wanafunzi wangu. Mwalimu mzima, uongo wa darasa la tatu.

Nimemwambia Melkiades mwenyewe. Akacheka: "Iko mule miaka makumi tatu, ile kitu. Itafanya nini leo?" Sikucheka. Nikisema, wanamtoa kwenye majaribio, na hakuna dawa nyingine. Nikinyamaza, huenda nikamuua kwa mkono wangu. Nimechoka. Sioni njia.

Jumatano, 8 Oktoba

Tumepata lori la mawese. Huko Muhuta, ziwa limekula barabara. Tukashuka, akatembea na miguu yake iliyovimba, mimi nimemshika kiunoni. Tulipofika Kabezi akatapika. Hata hakulalamika, na hilo ndilo linaloniumiza.

Saa nane, hospitalini Bujumbura. Wamemvua mkanda, wamemvua pete. Fahima, fundi wa mashine, amemuuliza tena:

"Muzee, hakuna chuma mu mwili?"

"Hakuna, murakoze," akashukuru kwa Kirundi.

Akanigeukia. "Mama, ni kweli?"

Nimesema naenda chooni kwanza. Ndimo ninamoandika, nimekaa juu ya ndoo. Naogopa. Namkasirikia Melkiades pia — kwa nini jambo hili aniachie mimi? Namsikia ng'ambo ya ukuta, anaimba wimbo wa kanisa, ubeti mmoja tu, anaurudia.

Fahima anagonga mlango. Daktari Roger amefika, anasema alama imeanza kufifia.

"Mama, muzee ameisha lala ku kitanda. Tuanze?"

Nimejibu nakuja. Sijasimama.