Dimensheni Zilizokunjwa Kiunoni

Kaka Désiré,

Nakuandikia vidole vikinuka sambaza, samaki wadogo ninaowakaanga mkahawani, mbavu zikiuma kwa kicheko. Uliposema huenda ulimwengu una dimensheni kumi, nilikucheka mbele ya wanafunzi wako. Urefu, upana, kimo na wakati. Zingine umeziona wapi? Ukajibu, "Zimekunjwa."

Leo mama mmoja mnene alivuka daraja kutoka Bukavu, akaingia mkahawani hapa Cyangugu, akafungua kitenge cha magendo alichojifunga kiunoni. Chini yake kingine. Kingine tena! Baada ya cha sita alikuwa mwembamba kama mimi.

Nikamuuliza kama vimebaki: "Maman, bado biko?"

"Biko. Macho yako inahesabu tu bya inje!"

Nisamehe, kaka. Cha sita nimekinunua. Nitakifunga chini ya sketi, niingie darasani kwako, nikikunjue mbele ya wanafunzi walewale. Usiwaambie!

Mdogo wako akupendaye,
Furaha