Mama Ukutani

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya karakana ya ushonaji,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kitinda wetu,

Pokea salamu zangu kabla ya kitu kingine chochote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wazee wa watu umeanza kutulia. Ule mkanda wa kiunoni walikununulia kazini, au bado wanakuahidi? Shemeji amepona kifua? Nijibu haya kwanza, maana nakujua: ukifika mwisho wa barua utakuwa umeyasahau.

Huku tu salama kwa kadiri ya kawaida yetu. Mama anakula, analala na anagombana na redio. Maneno yake bado yanachechemea tangu kile kiharusi, lakini akili haijachechemea hata kidogo. Juzi alimwambia mwuguzi anayekuja kumpima presha kwamba mikono yake ni ya baridi kama ya mkwe mgeni. Mwuguzi alicheka sana. Mimi nilikung'uta mto.

Nimechagua karatasi badala ya simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza kwa kulia, nami nitajikuta nakubembeleza wewe badala ya kusema nililokusudia. Lile kundi la familia nalo limekuwa mahali pa kupeana maua na vidole gumba. Jambo hili halienei humo. Barua naipitisha kwa mwalimu mwenzangu wa hisabati, ambaye anakuja huko kumwona mwanawe. Atakukabidhi mkononi.

Wiki iliyopita nilihudhuria kongamano la mafunzo kazini la walimu wa sayansi kimu. Lilifanyika katika ukumbi wa chuo, wa aina unayoijua: mapazia mazito ya rangi ya damu ya mzee, projekta inayonguruma kuliko msemaji, na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Mshono wa vitambaa vile ulikuwa umeruka upande mzima wa nyuma. Ukumbi uliojaa walimu wa ushonaji uliukalia tangu ufunguzi hadi kufunga, na hakuna aliyesema neno. Ningekuwa mtu wa kuamini ishara, ningerudi nyumbani asubuhi ile ile.

Siku ya kwanza tulielezwa kwamba somo letu litabadilishwa jina. Halitaitwa tena Sayansi Kimu, bali Sayansi ya Familia na Mlaji. Mtaalamu mwelekezi alilitamka jina hilo taratibu, kama mtu anayefunua sufuria. Jirani yangu wa kiti, mwalimu wa mapishi tunayemwita Mizani kwa sababu hapiki hata chai bila kupima, aliniinamia. "Mlaji tunamjua, mwenzangu," alisema. "Yuko meza kuu, ana chupa mbili za maji na sisi hatuna." Safu nzima ya nyuma ilikohoa kicheko.

Sikucheka, si kwa sababu haikuchekesha. Nilisimama nikaeleza kwamba kukimu ni kumtimizia mtu haja zake, zikiwemo zile anazoona haya kuzitaja, na kwamba hilo linafundishika na ndilo tulilolifundisha miaka yote. Kula hakuhitaji mwalimu. Mtaalamu alinishukuru kwa mchango mzuri. Kalamu yake ilibaki juu ya meza.

Nakusimulia hayo ili uelewe kwamba siku ya pili niliingia ukumbini tayari nikiwa mtu anayejulikana kwa kuleta maneno. Wifi yetu, mke wa Kaka, ndiye aliyekuwa mtoa mada wa kwanza. Mada yake iliitwa "Kumhudumia Mzee Nyumbani: Uzoefu wa Mkwe." Kichwa hicho nilikiona kwenye ratiba nikadhani ni uzoefu wa wakwe kwa jumla.

Sitamsingizia. Mada iliandikwa vizuri. Sehemu ya lishe haikuwa na kosa, na aliyosema kuhusu vidonda vya mgandamizo yalikuwa sahihi hadi mwisho. Tena ni yeye aliyenunua lile godoro la hewa ambalo Mama analalia hadi leo, na sijasahau. Lakini alisema "mama mkwe wangu ninayemhudumia," kwa wakati uliopo, akiwa amesimama mbele ya watu mia kadhaa, na mimi ambaye asubuhi ile nilikuwa nimembadilisha Mama, nikamgeuza, nikampaka mafuta visigino, nilikuwa safu ya nyuma nimevaa beji.

Kisha zikaanza picha. Ya kwanza ilikuwa kitanda kimetandikwa. Ya pili dawa, ya tatu dirisha letu na lile pazia nililolikata kutoka gauni lako la mahafali. Ya nne ilikuwa Mama.

Kitinda, soma hapa polepole. Mama alikuwa amejaa ukuta mzima, kutoka swichi ya taa hadi dari. Kichwa wazi. Wewe na mimi tumezaliwa naye, tumelala naye chumba kimoja, na ni nani kati yetu aliyewahi kumwona akipokea mtu bila kitambaa chake kichwani? Hata siku ile ya kiharusi, alipokuwa hawezi kuinua mkono, alinyoosha shingo hadi nikaelewa kwamba anakitaka. Ukutani nywele zake zilikuwa chache na zimelala upande mmoja, kinywa kiko wazi, na supu inateremka shingoni. Kando ya kitanda, Wifi anatabasamu kwa kamera, kijiko mkononi.

Na amelala chali. Hilo wewe utaliona kabla ya nywele, maana ndiyo kazi yako. Mgonjwa aliyepooza nusu ya koo ananyweshwa supu nyepesi, kwa kijiko cha mezani, kupitia upande usio na nguvu, bila hata mto mmoja chini ya shingo. Anayemlisha Mama kweli hawezi kukosea hivyo, kwa sababu atakuwa ameshamkalisha, ameshaifanya supu kuwa nzito, na ameshajifunza kusubiri koo lipande na kushuka. Kosa lile ni la mtu aliyeshika kijiko kwa ajili ya picha.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wifi alikuja wakati wa mitihani, mimi nikiwa shuleni, akakaa na Mama hadi nilipotoka. Jioni ile Mama alikohoa mfululizo, uso ukabadilika rangi, nikamkalisha na kumpiga mgongo hadi ikatulia. Nilimuuliza Wifi kama amempa kitu. "Kijiko kimoja tu, wifi, tumekula vizuri sisi," alijibu, na Mama akafumba macho. Nililaumu vumbi la chumba. Nikafua mapazia.

Ulipofika wakati wa maswali niliomba kipaza sauti. Nilisema hivi, wala sikuongeza: "Mgonjwa katika picha ya nne analishwa akiwa amelala chali. Je, washiriki waige?"

Wifi aliitazama picha, kisha akanitazama mimi, na nadhani kwa nukta moja aliona. Halafu akacheka kile kicheko chake kizuri. "Jamani, huyo ni wifi yangu," alisema. "Mwalimu kweli kweli, hata picha anaisahihisha." Watu walicheka kwa furaha ya kupata mapumziko. Wakapiga makofi. Walimu wa sayansi kimu, Kitinda, waliofundishwa namna ya kumlisha mgonjwa katika mwaka wa kwanza wa chuo, walipiga makofi, na Mama bado alikuwa ukutani juu ya vichwa vyao na kinywa wazi.

Wakati wa chai mwenyekiti wa kamati alinishika kiwiko. Aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba mambo ya nyumbani hayaletwi ukumbini. Nilimuuliza sisi ni walimu wa somo gani. Hakuelewa. Mama alikuwa ameletwa ukumbini bila haya kwa mtu yeyote. Swali langu ndilo lililoonekana limekuja na nguo za ndani. Mizani peke yake alibaki karibu yangu na kikombe chake. "Umeuliza sawa," alisema, "ila umeuliza watu wenye njaa." Kisha akanipa andazi lake.

Sasa lililonifanya niandike. Mada ya Wifi imechaguliwa kuingia katika mwongozo mpya wa walimu, na picha ya nne imechaguliwa kuwa jalada. Itakwenda kila shule yenye somo letu. Wasichana wataifunika kwa plastiki, wataichora masharubu, wataijua kama "yule bibi wa supu." Nilikwenda kwa katibu wa chama chetu cha walimu kupinga. Ni mtu makini, nilipata naye mazungumzo ya heshima. Alisema mwana wa kiume ameshakubali kwa niaba ya familia, lakini kwa kuwa mimi napinga, watamsikiliza mtoto wa tatu.

Kisha akaniambia kwamba mtoto wa tatu ameshasikika. Wifi alimwonyesha simu yake. Uliandika kwenye kundi, siku ile ile ya mada, chini ya picha aliyoituma: "Hongera sana wifi yetu, umetuheshimisha, Mama ametokelezea." Na maua matatu.

Sikutukani. Najua ulikuwa umetoka zamu, na kwenye kioo kidogo cha simu picha yenyewe huwa kama stempu. Pengine hukuifungua. Pengine uliifungua, ukamwona Mama, ukafurahi tu kwamba yu hai. Lakini katibu ameyahesabu maua yale kama sauti yako. Yatachapishwa.

Kaka nilimpigia. "Ni picha tu, dada yangu," alisema. "Mbona unaikuza? Mwenzako amejituma." Nilimwomba aiangalie tena. Alisema yuko njiani. Kaka amekuwa njiani tangu Mama alipoanguka.

Utaniuliza, na ni swali la haki: kwa nini Mama mwenyewe asikatae? Akili anayo, na neno "hapana" ni mojawapo ya maneno machache ambayo kiharusi hakikuyagusa. Nililiwaza hilo kabla yako. Juzi baada ya chakula nilimkalisha, nikamfunga kitambaa, nikakaa mbele yake kwa nia ya kumweleza yote. Nilimwambia kwamba mkwe wake alimpiga picha, na kwamba ilionyeshwa kwa walimu wengi.

Aligusa fundo la kitambaa chake. Kisha akaniuliza, akiburuta kila silabi: "Nilikuwa nimevaa nini?"

Wewe unanijua. Mimi ndiye niliyekurudisha dukani ukiwa mdogo kwa sababu ulisema umeokota peremende uliyoiba. Sijui kusema uongo, na sikuwahi kuona faida yake. Nikamwambia: "Kitambaa chako cha bluu, Mama. Kilifungwa vizuri."

"Na mdomo?"

"Ulikuwa umefungwa."

Alifikiri. Upande wake mzima wa uso ukainuka kidogo. "Afadhali," alisema. "Basi waache wanione." Akaniashiria niongeze sauti ya redio.

Kwa hiyo ona nilipojifikisha, mimi mtu wa kusahihisha wengine. Mama ametoa ruhusa, na ruhusa yake ni ya picha ambayo haipo duniani. Hii iliyopo hajairuhusu. Nikimwambia ukweli ili akatae, itabidi ajue jinsi alivyoonekana ukutani, na hilo nikilifanya nitakuwa nimeipeleka picha hiyo mahali pekee ambapo Wifi hakuifikisha. Siwezi. Nimejaribu asubuhi mbili, nimeishia kumchana nywele.

Umebaki wewe. Katibu anataka neno lako kabla mwezi haujaisha. Usimtukane Wifi, usieleze mengi, wala usinitaje. Andika kwamba wewe ni mwana wa mgonjwa, kwamba pongezi zako hazikuwa ruhusa, na kwamba picha iondolewe. Au kama unaona nimepotoka, niambie mimi kwanza, kwa maandishi, na unieleze ungemjibu nini Mama alipouliza alivaa nini.

Msalimie sana shemeji. Wabusu wanangu wote wawili, na mkubwa umwambie mama yake mkubwa amekata shati lake na kuacha pindo refu la kushusha, kwa hiyo akue bila wasiwasi. Mizani anakusalimu, ingawa hamjaonana. Mama anakusalimu, nilimuuliza nikuandikie nini, akasema ujifunge vizuri mgongo, halafu akauliza kama huko wazee wako wanavaa kitu kichwani.

Mungu akulindie mikono yako, maana najua inavyowashika watu. Ikiwa utaandika, siku moja Mama atauliza alionekanaje kwenye kitabu, nami nitamjibu bila kutazama pembeni kwamba hakuonekana vibaya popote.

Ni mimi ndugu yako, akupendaye hata anapokukosoa,

Dada.