Daraja Ulilosema Nimelilaani

Mwita wa rika langu,

Tulitahiriwa asubuhi moja, damu yetu ikamwagika kwenye udongo mmoja wa Nyanungu. Kwa desturi yetu, mtu wa rika lako unaweza kumtukana na asikasirike. Basi sitakuandikia kwa adabu, hata kama umeshazikwa.

Unakumbuka ulivyojenga daraja la mtoni: upinde wa mabomba ya chuma, miguu yake ukaizika kwenye zege. Ng'ombe wakipita, linatetemeka. Ukaongeza vyuma katikati, likazidi kutetemeka. Mimi, mwalimu wa fizikia, nikakuambia mbele ya watu: "Mtikisiko unakimbilia miguuni, unakuta zege gumu, unarudi ulikotoka. Weka mpira wa tairi chini ya miguu, ichezecheze kidogo, mtikisiko utachokea hapo. Usipofanya hivyo ng'ombe wataanguka."

Ukawageukia wenzetu. "Mwalimu anataka daraja livae katambuga za tairi!" Hata mimi nilicheka.

Mwezi uleule dume la baba yako mdogo likaanguka darajani, likavunjika shingo. Wazee wakauliza sababu. Ukasimama ukasema, "Mwalimu alitamka kwamba wataanguka. Si ndiyo haya?" Wakanitaka nile kiapo kwamba sikulaani. Nikakataa, nikasema chuma hakijui viapo. Hilo ndilo kosa langu: kwetu anayekataa kiapo ameshakiri. Ulijua kwamba nilikuonya tu. Ukawaacha wanifukuze kijijini.

Nimezeekea ugenini, Mbalibali, nikilima shamba la watu. Mama yangu alikufa akiamini amezaa mchawi. Sikuruhusiwa kumzika.

Mwaka huu akaja binti yako Ghati, fundi kama wewe.

"Shikamoo baba. Daraja bado linatetemeka, na watoto wa shule wanalipita. Njoo ulitulize."

"Marahaba. Kwanza simama mbele ya wazee, useme baba yako alidanganya."

Alilia. Sikumbembeleza.

Alisimama, akasema. Nami nikarudi, tukaikata ile miguu kutoka kwenye zege na kuikalisha juu ya tabaka za mpira. Jumamosi kundi zima la ng'ombe likapita. Daraja likashtuka, likatikisika mara mbili, likatulia.

Ghati akaniuliza kama sasa nimekusamehe. Nikamwambia hapana. Mama yuko huko uliko, na bado hajui. Mtafute. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo uleule.

Mimi, mwenzako wa rika,
niliye hai bado.