Shahada ya Kasuku na Mkataba Wako

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Soko la Samani,
Jumapili asubuhi, mwezi wa nane.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje? Ulisema kumwinua yule bibi unayemtunza kunakuumiza, na sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu anayeficha kitu. Nenda ukapimwe, tafadhali, usimeze dawa za kubahatisha.

Sisi hatujambo. Wifi yako alishikwa na mafua, akachekwa na wateja wiki nzima, maana muuza dawa anayepiga chafya hanunuliwi kirahisi. Sasa amepona. Mimi nipo, napigilia misumari kwenye viti vya watu, vumbi la sponji limehamia kwenye ndevu.

Binti yako Kasuku ni mzima, na jina ulilompa bado linamfaa. Juzi kaiga sauti ya cherehani yangu kwa saksafoni mpaka nikainuka kwenda kuizima. Hupuliza kila asubuhi kabla ya chai. Jirani yetu fundi saa, aliyekuwa akigonga ukuta kulalamika, siku hizi hugonga asipomsikia.

Sasa nije kwenye lile jambo. Uliniomba nichunguze kama shahada ya muziki ina faida ya kifedha, kwa sababu mwajiri wako anangoja utie sahihi ya miaka mingine miwili, na bila miaka hiyo ada haipatikani. Nimechunguza. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana kwenye simu tunakatishana maneno mpaka salio linaisha.

Nilianzia chuoni kwenyewe, nimevaa shati la harusi. Mama wa ofisi ya wanaojiunga alinikaribisha vizuri, akanipa kijitabu chenye picha za vijana wanaocheka. Nikamuuliza hawa wanaocheka wako wapi sasa. Akasema wengine wanafundisha, wengine wamejiajiri. Nikamuuliza kujiajiri huko ni kufanya nini hasa. Akaanza kutafuta kalamu yake.

Basi nikawatafuta mwenyewe. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa muziki wa shule ya msingi. Ana kazi ya kudumu, ana bima ya matibabu, anajenga polepole. Alinieleza kwamba bila shahada wasingemwajiri, na kwamba ada aliyolipa imesharudi, ingawa haikurudi upesi. Wa pili anauza bima za magari. Alisoma chuo hicho hicho, na piano yake ameshaiuza. Hakuwa na kinyongo. Alisema muziki ulimzoesha kukataliwa, na kwenye biashara ya bima hilo ni nusu ya kazi.

Wa tatu ni mpiga gitaa la besi, wanamwita Mrefu, anapiga kwenye hoteli inayotazamana na stesheni. Nilimkuta anakunja nyaya. Huyo ndiye aliyeniondolea ukungu.

"Kaka, miaka yote hii hakuna aliyeniomba cheti jukwaani," aliniambia. "Jukwaani wanataka upige. Cheti wanakiomba shuleni."

Nikaona jibu hilo hapo. Kwa anayetaka kufundisha, shahada ni mtaji. Kwa anayetaka kupiga, ni elimu nzuri, lakini yenyewe haimlipi. Nikarudi nyumbani nimejaa raha: Kasuku aseme tu anataka ualimu, wewe utie sahihi, mambo yaishe.

Nikamwita karakanani, akakaa kwenye kochi ambalo sijalivika kitambaa. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya mkataba. Dada, hapo ndipo nilipogundua kwamba habari hiyo hakuwa nayo. Mwanao alidhani unabaki huko kwa sababu umepapenda.

Akachuna kipande cha sponji. Kisha akaniuliza, "Mjomba, nikisema nataka kufundisha, mtanilipia?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi sitasema. Watoto nawapenda, lakini mimi nataka kupiga. Nikiwaambia vingine nitakuwa nimemwibia mama miaka miwili."

Nikarudi kwenye misumari yangu, na wa kwanza tu nikajigonga kidole.

Siku zilizofuata saksafoni haikutoka kwenye sanduku lake. Fundi saa akaja mpaka mlangoni kuuliza kama tuna mgonjwa. Wifi yako alikuwa akimpakulia Kasuku chakula na kumwangalia, na mimi nikajilaumu kwa kumfungulia mtoto mambo ya wakubwa. Halafu asubuhi moja akatoka amevaa viatu, akaniomba nimpeleke kwa Mrefu.

Wifi yako akasema binti wa nyumba hii haendi hotelini na saksafoni bila mwanamke wa kumsindikiza. Tukaenda watatu, wifi yako mbele, amekumbatia mkoba kama anakwenda kutoa ushahidi.

Kiongozi wa bendi ni mama mmoja mpiga ngoma, mstaafu wa posta, si mtu wa kucheka ovyo. Akamchagulia Kasuku wimbo asioujua. Kasuku akaukosea mwanzoni kabisa. Mimi nikatamani kuingia chini ya meza. Yeye akashusha saksafoni, akaomba radhi, akaomba waanze tena. Safari hii hakukimbilia kupuliza. Akalisikiliza besi la Mrefu kwanza, akaacha wimbo upite mbele kidogo, ndipo akaingia taratibu, kama mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Mhudumu aliyekuwa anapita na sahani akasimama nazo pale pale.

Yule mama hakumsifu. Alisema tu, "Anajua kusikiliza. Aje Jumamosi na Jumapili mchana, na asichelewe."

Malipo ni madogo, nisikufiche. Hayafiki hata ya kijana wangu wa kupaka gundi. Lakini bendi hupata harusi, na siku nyingine atamsaidia wifi yako dukani. Mrefu atamfundisha kusoma muziki wa bendi. Chuo nacho kimekubali kumwekea nafasi mpaka mwakani. Kasuku anasema kuna somo la kuandikia vyombo vingi kwa pamoja ambalo angependa kulipata, na akilifuata atakwenda akiwa na chochote cha kwake mkononi.

Uliniuliza faida, nami nakujibu ninavyoona. Kwa mtu kama Kasuku, fedha ya shahada ile haitarudi upesi, pengine isirudi kabisa. Siwezi kusema haina thamani. Mrefu mwenyewe hajutii hata siku moja. Ila yeye alisomeshwa na serikali, hakusomeshwa na mgongo wa mama yake.

Mkataba ni wako, na sahihi ni yako. Mimi sitakusukuma.

Wifi yako anakusalimu sana, anauliza kama lile koti lilikutosha. Baba mdogo anakusalimu, meno mapya yamemkaa vizuri na sasa anabishana na kila mtu. Fundi saa naye kasema usimsahau.

Nilipokuwa naandika hapa, Kasuku kapita na sanduku lake begani, anawahi hotelini. Kaniagiza, "Mwandikie mama kwamba nimepata kazi, basi. Usimwandikie kwamba nataka arudi, atadhani namhurumia."

Nimekuandikia yote mawili.

Mungu akupe afya na wepesi, popote utakapoamua kuwa.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi Makochi