Mkanda wa Ishirini na Sita

Karakana ya Redio na Televisheni,
Nyumba ya kona, mlango wa bluu.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Kaka Antena,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi yangu na watoto. Najua una miaka arobaini na sita na huko kazini kuna watu wanasimama ukiingia, lakini kwangu utabaki Antena, yule wa juu ya paa aliyekuwa akipiga kelele "Na hivi je?" mpaka picha itulie.

Sisi huku hatujambo, hivyo hivyo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, na jicho la kushoto limeingia ukungu, ila ulimi wake uko kamili. Juzi amenigombeza mbele ya wateja kwa kuacha chuma cha kulehemu kikiwaka mezani. Mimi ni mzima, mvi zimeanza kunichungulia, na bado sijaolewa. Nakujibu mapema kabla hujauliza.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikimtaja Baba kwenye simu mtandao wako unakatika. Miaka minne sasa unakatika kwenye neno hilo hilo. Naomba hii uisome mpaka chini, hata kama itabidi uiweke mfukoni na kuirudia siku nyingine.

Bila shaka unaikumbuka "Wakazi wa Zohali". Kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari wewe na Baba mlikuwa mnakaa kochi moja, mkiwaangalia wale watu thelathini waliokwama kwenye makazi yao angani. Mimi nilikuwa nacheka kwa sababu chombo chao kilikuwa sufuria mbili zilizofunikizwa, na ukikodoa macho unaona mpini. Baba alikuwa hacheki. Mteja akija saa ile aliambiwa angoje nje mpaka iishe.

Ilikatwa baada ya sehemu ishirini na sita. Uongozi mpya wa televisheni ulisema watazamaji ni wachache, na yule Daktari wao akaachwa nje ya lango, hewa inamwishia. Mimi niliisahau ndani ya mwezi. Kumbe kuna watu hawajaisahau mpaka leo.

Mwezi wa tatu alikuja hapa karakana kinyozi wa mtaa wa pili, mtu mzima, amevaa koti la kijivu lenye mistari ya njano mikononi. Nilidhani ni mlinzi ametumwa kukagua leseni. Akanisalimia kwa adabu, akaniuliza kama ni kweli kwamba marehemu fundi alikuwa akirekodi Zohali. Wenzake wanamwita Kamanda. Koti kalishona mwenyewe, kuiga yale ya Zohali, na mkono mmoja umezidi mwingine kwa vidole viwili.

Wako tisa. Hukutana kwenye duka lake la kunyoa kila Jumamosi alasiri, wanakaa kwenye vile viti vya kuzunguka. Yupo muuguzi mstaafu wanayemwita Rubani, amenakili mazungumzo ya kila sehemu kwa mkono, neno kwa neno, madaftari kumi na moja. Yupo mwalimu wa hesabu amechora ramani ya makazi yale mpaka bomba la maji machafu. Wengine huandika barua tu. Walikuwa wameiandikia televisheni barua mia moja na arobaini, na siku walipojibiwa Kamanda alifunga kazi mchana kutwa, mteja mmoja akaondoka na nusu ya ndevu.

Jibu lilikuwa hivi. Televisheni yenyewe haina hata sehemu moja, kwani mikanda ilirekodiwa mambo mengine juu yake zamani. Lakini mashabiki wakileta zote ishirini na sita kabla ya mwisho wa Oktoba, itaonyeshwa upya tangu mwanzo, na watu wakiipokea vizuri watafikiria kutengeneza mwendelezo. Pengo la dakika chache hapa na pale wangelivumilia. Sehemu ikikosekana, basi.

Walikuwa wamepata ishirini na tano. Walizitoa kwenye mabanda, uvunguni mwa vitanda, nyingine zina ukungu unaonuka kama kiatu kilicholowa. Ya mwisho hawakuwa nayo, na hiyo ndiyo yenye Daktari. Tena waliiona mara moja tu, kila mmoja anaikumbuka kwa namna yake. Kamanda anaapa lango lilifunguliwa dakika ya mwisho. Rubani anasema halikufunguliwa, na kwa ajili hiyo walinuniana mwaka mzima.

Mimi si shabiki, Kaka. Mimi nina mashine. Lakini nilifanya nao kazi miezi saba, kusafisha mikanda kwa pamba na spiriti, kuunga iliyokatika, kunakili moja moja. Utamkuta Rubani amekaa nyuma yangu, mkanda unapita vizuri, machozi yanamtoka kimya kimya. Ukifanya kazi na watu wa namna hiyo mwishowe unaanza kutaka wanachotaka.

Mwezi uliopita, siku zikiwa zinatuishia, ndipo nilipopata moyo wa kulifungua sanduku la Baba, lile la bati chini ya meza ya kazi. Hatukuwahi kuligusa tangu tumzike. Hukuwepo, na sikulaumu, nataja tu ili ujue kwa nini lilikaa. Mikanda yote ilikuwa mle, imepangwa kwa namba, kwa mwandiko wake ule wa kulala kulia. Wa mwisho kabisa ulikuwa umeandikwa: "Zohali 26. MWISHO. USIFUTE."

Nilikimbia mpaka kwa kinyozi na ndala mguu mmoja. Kamanda aliuweka mkanda kifuani. Aliniomba jambo moja tu, nisiuangalie kabla yao, na nikamwahidi. Ningekuwa na akili ningekataa.

Maana niliona kitu, nikanyamaza. Unajua Baba alivyokuwa akivunja kile kipande cha plastiki ubavuni mwa kila mkanda, ili mashine ikatae kurekodi juu yake. Mikanda yote sandukuni ilikuwa imevunjwa hivyo. Huu wa ishirini na sita ulikuwa umevunjwa pia, lakini tundu lake lilikuwa limezibwa kwa selotepu. Fundi yeyote anajua selotepu ile inawekwa kwa sababu moja tu, kuruhusu mashine irekodi tena. Nilijiambia pengine ni ya kuzuia vumbi.

Jumamosi walikuja nyumbani wote tisa, wamevaa makoti yao. Mama aliwapangia viti, akawauliza ni kwaya ya wapi. Nikaweka mkanda. Muziki ulipoanza watu wazima wale walishikana mikono, Kaka, na mimi niliyekuwa nikicheka zile sufuria nilisogeza kiti changu karibu nao. Rubani alikuwa akisema maneno pamoja na waigizaji bila kutoa sauti. Tulikwenda hivyo dakika kumi na tisa, mpaka Daktari akavaa mavazi yake na kutoka nje.

Halafu picha ikachanika, ikarukaruka, na tukaona geti letu.

Ni asubuhi ile uliyoondoka. Sina haja ya kukukumbusha. Baba alikuwa hajasema nawe wiki tatu kwa sababu umekataa karakana, na ndugu wote walikuwa getini na mizigo, gari linanguruma, mzee hatoki. Mama akanituma nikamwite. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikagonga, akajibu kutoka ndani kwamba ana kazi, nami nikarudi mbio na kuipeleka habari ile kama nilivyoikuta, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Nimejiona kwenye mkanda nikifanya hivyo. Mwembamba kama waya kweli, nimesimama vumbini, nasema, "Baba anasema ana kazi!" Na nimeuona uso wako uliponisikia. Siku ile sikuuangalia. Nisamehe, Kaka, nilipaswa kuuangalia.

Yeye alikuwa dirishani. Picha imepigwa kati ya nondo za dirisha la karakana, na ukingoni kuna kipande cha pazia lile la maua. Kulikuwa na kamera ya mpiga picha za harusi, zile kubwa za kubeba begani, iliyoletwa kutengenezwa. Nadhani hakuwa na mkanda mtupu, akachukua uliokuwa ndani ya mashine yake, pale pale alipokuwa ameishia kuangalia. Akaukatia selotepu. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo.

Ulipogeuka kutazama dirisha picha inatikisika sana, kisha inakukaribia mpaka unajaa kioo chote. Unaonekana kila kitu, mpaka kidonda cha wembe kidevuni. Nyuma ya kamera kuna sauti ya mtu anavuta kamasi. Mama, ambaye haoni vizuri siku hizi, akainua kichwa na kuuliza, "Nani analia?" Akasikiliza tena, akasema, "Huyo ni baba yenu."

Kwa nini hakutoka, sijui. Ukiniuliza nitakwambia ni kiburi, kile kile ulichorithi wewe. Miaka ishirini na minne nimewakasirikia wote wawili, na pale kwenye kiti nilikasirika upya, kwa sababu kutoka mlangoni kwake hadi getini ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu.

Dakika sita, ukakumbatiana na Mama, ukaingia, gari likaondoka na kupinda kona. Kamanda akasogea mbele ya kiti. Nilijua anachongoja. Alikuwa anangoja kamera izimwe, ili chini yake Zohali irudi, na Daktari arudi, na dakika sita wale wa televisheni wangezivumilia. Tuliangalia barabara tupu. Ndugu wakaingia ndani mmoja mmoja. Paka akavuka. Nilitaka kupeleka mbele, Kamanda akanishika mkono akasema niache, mkanda ni mkuukuu utakatika. Tukaendelea kuangalia barabara, watu kumi na mmoja, mpaka mashine ikajizima yenyewe.

Rubani ndiye aliyeinuka kwanza. Alikwenda kumshika Mama mkono. Kamanda alivua koti, akalikunja vizuri kama nguo ya mtoto, akaniomba radhi kwa usumbufu. Fikiria, yeye ndiye ananiomba radhi.

Televisheni walipelekewa ishirini na tano na nusu. Wamejibu mistari miwili, asante na poleni. Jumamosi iliyofuata walikuja watu watano, na jana watatu. Mwalimu wa hesabu ameuza ramani yake. Kamanda bado hufungua, huzungusha kile kiti kitupu kwa mguu, na Rubani ameanza daftari la kumi na mbili, anaandika nusu iliyopotea kwa kukisia. Lango amelifungua, kwa ajili ya Kamanda. Kamanda amelisoma daftari, amesema ni zuri, ila hajalia, na mimi nadhani yeye alitaka lifunguke kweli.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Nimekunakilia kuanzia getini mpaka mwisho, sijakata hata sekunde. Usiiangalie kazini.

Mama anauliza utakuja lini. Zamani alikuwa akiuliza kwa mzaha, siku hizi anataka tarehe. Jicho la kulia nalo limeanza. Ukitaka akuone uso, Kaka, usingoje mwaka mwingine.

Jambo la mwisho. Mimi ni fundi, nimekaa na saa nikapima. Gari lilipinda kona dakika ya ishirini na tano ya mkanda. Zohali ilikuwa ya dakika hamsini. Kama Baba angezima kamera pale ulipopotea machoni, nusu yote ya mwisho ingekuwepo, Daktari angekuwepo, Kamanda angekuwa leo anahesabu siku za kuonyeshwa. Na Baba alikuwa anajua anafuta nini, maana "usifute" aliiandika yeye. Mkanda ulikuwa wa saa moja. Dakika thelathini na tano zote zilizobaki alisimama dirishani na ile kamera nzito begani, ameilenga kona, na hakuzima.

Msalimie sana wifi, na wanao wote, hasa yule mdogo anayefungua redio ili aone nani anasema ndani. Mwambie shangazi yake ana meza inayomngoja. Mama anakutumia dua zake, anasema Mungu akulinde uendako na akupe moyo wa kurudi. Rubani na Kamanda nao wanakusalimu. Hawakujui, lakini wamekutazama sana.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na aliyekukasirikia kwa mapenzi hayo hayo,

Waya.