Bunduki ya Kumfikia Elki Akiwa Hai

Baba yangu,

Kura imetoka! Miaka yote ile uliomba kibali cha kuwinda elki, huyu kulungu mkubwa wa huku, ukakosa, ukarudi unalalamika, "Nchi gani hii, hata nyama inapigiwa kura!" Mwaka huu nimeomba mimi, nimepata. Na wewe hupo. Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu hapa Flemingdon nikalia weee, halafu nikajifuta, nikaanza kutafuta bunduki.

Unanijua. Kitu kikiniingia kichwani silali. Kozi nimemaliza, leseni ninayo, vitabu nimevisoma kwenye basi nikienda kazini. Video ndiyo usiseme. Nikajua bunduki ipi ina teke na darubini ipi haishiki ukungu. Nikaenda dukani, nikachagua zigo moja hilo, magnamu, mtutu mrefu, risasi inavuka bonde zima, na juu yake darubini inayovuta mpaka unahesabu kope za mnyama. Nikamwambia Mama, "Elki ng'ambo kule, mimi huku, pa! Kwisha habari."

Mama alikuwa anasonga ugali. Hata hakugeuka. "Halafu?"

"Halafu nini? Kafa."

"Kafa. Kachinjwa na nani?"

Kisu nilikuwa nimekisahau. Mimi, binti wa mchinjaji!

Si wewe uliyenihadithia, kwenye jiko hilihili? Kule Ugalla, kambi ya wawindaji, wageni wanapiga pofu, yule swala mnene kama ng'ombe, na nyati, wewe unatoka mbio na kisu umwahi mnyama kabla hajakata roho. Wabeba mizigo karibu wote Waislamu, nyama ndiyo kitoweo chao. Ukichelewa, kambi nzima inakula maharage. Kuna mgeni mmoja alipenda kupiga kwa mbali, mkampa jina Bwana Maharage, naye akafurahi, akadhani mnamsifu! Ulikuwa unaniigizia sebuleni. Mimi pofu, nimelala kwenye zulia natupa miguu, wewe unakuja mbio kutoka chumbani, "Bismillahi Allahu Akbar!", unanitekenya shingo, mpaka jirani wa chini anagonga dari yake. Ukishachoka unakaa, unahema, unasema, "Risasi inamwangusha tu, mwanangu. Nyama inatoka kwenye kisu."

Na hii nyama si ya kuringia, Baba. Ni ya hitma yako. Nataka watu wakusomee, halafu wale pilau ya nyama ya porini, ile uliyomwahidi Mama tangu tunafika nchi hii. Msikitini wapo wanaosema ukitaja jina la Mungu unapofyatua, inatosha. Nikampelekea Mama hoja hiyo.

"Wao na wale," akasema. "Kwenye hitma ya mume wangu, haiingii nyama isiyopita kisu. Na wewe ukiendelea na bunduki yako ya ng'ambo, nitakuita Bibi Maharage."

Basi nikarudi dukani, kule Markham. Muuzaji alishaniwekea lile zigo. Nikamwambia silitaki tena, nataka bunduki nyepesi, ya risasi za .308, na darubini ndogo, inayoanza kuvuta mara mbili tu.

"Hiyo ni ya karibu, dada."

"Ndiyo nataka karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Kiasi cha kumkimbilia nimkute anahema."

Akanitazama, akatazama mikono yangu. "Unajua yule mnyama ana pembe?"

Nikacheka, lakini pembe nazijua, sikufichi. Elki ana mwili kama wa pofu, na juu kabeba matawi ya mti. Nikamweleza kazi yako, mwanzo mwisho. Akanisikiliza, akaenda nyuma, akaniletea fupi moja, kitako kimekaa begani kama nimezaliwa nacho. Akasema, "Na hii utaweza kutambaa nayo." Nikainunua.

Uwanja wa shabaha naenda kila Jumapili. Wenzangu wanalenga mbali, wanapigana makofi mgongoni. Mimi nalenga karibu tu, nimepiga goti, nimesimama, moyo unadunda, mpaka mkono unyamaze. Nitampiga mapafuni, aanguke upesi, asiteseke. Halafu natoa risasi zilizobaki, naweka bunduki chini, ndiyo nakimbia. Nyumbani nafanya mazoezi ya kutambaa kwenye korido. Mama ananiruka na kapu la nguo, anasema, "Pofu amekua, sasa amekuwa kenge."

Kesho kutwa tunaondoka, mimi na yeye. Ati atabaki kwenye gari na chupa yake ya chai, anisubiri. Baridi anaiogopa kuliko simba, lakini kagoma kubaki nyumbani.

Nimeshaamua, Baba. Elki akisimama ng'ambo ya bonde, hata awe ndiye pekee nitakayemwona, hata pembe zake ziguse mbingu, sifyatui. Nitamtazama mpaka aondoke. Hitma yako itapikiwa kuku wa dukani, nitawapakulia watu mwenyewe, na kichwa sitainamisha. Lakini akija karibu, Baba. Akija tu karibu, mimi napiga, nakimbia na kisu.

Mungu akulaze pema, pasipo na baridi.

Binti yako,
Zuwena